Ukubwa wa Sauti Nao ni Matini: Kupima na Kuandika Viwango vya Sauti katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi arejeapo kutoka nyanjani, awe ametoka Nessuit ukingoni mwa msitu wa Mau, au Bahati, Molo, ama Subukia, hurudi na vitu viwili: daftari na faili za sauti. Daftari hutunzwa kama mboni ya jicho. Hunakiliwa, hupigwa chapa, hupitishwa kwa msimamizi, na kila neno lililomo huhojiwa. Faili za sauti nazo hutiwa katika kompyuta na kufunguliwa kwa programu ya kuhariri sauti, na aghalabu jambo la kwanza kutendwa, hata kabla ya kusikilizwa hadi mwisho, ni "kuzipandisha" ili zisikike vyema. Kubofya mara moja kunatosha. Mnong'ono wa ajuza anayesimulia na vigelegele vya hadhira yake hutoka vimelingana kama meno ya kitana. Kisha, kwa kuwa nafasi katika kompyuta ni haba, faili asilia hufutwa. Makala haya yanashikilia kwamba tendo hilo ni kuihariri matini bila ya kumwarifu msomaji, na kwamba tasnifu ya fasihi simulizi isiyoonyesha viwango vya sauti ilizorekodi imeacha nje sehemu ya data yake.

Kinadharia, dai hili halina ugeni wowote. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Hapana mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya ukanda huu asiyeikariri orodha hiyo siku ya mtihani. Ruth Finnegan alikuwa amekwisha kusisitiza utendaji tangu mwaka 1970. Hata hivyo, ukifungua kiambatisho cha tasnifu nyingi utakuta maneno matupu yamepangwa aya kwa aya kana kwamba yalitoka katika kitabu. Kuhusu sauti kuna sentensi moja, nayo imezoeleka mno: "Fanani alibadilisha sauti yake kulingana na mhusika." Aliibadilisha kutoka kiasi gani hadi kiasi gani? Hadhira ilipoitikia, ilimzidi au ilimfuata kwa upole? Alipofika pale ambapo zimwi linaingia nyumbani, alipaza au alinong'ona? Maswali haya yana majibu, na majibu yenyewe yamo ndani ya faili ile ile iliyokwisha kusawazishwa.

Sehemu ya uzembe huu imo katika lugha yenyewe, na hapa wana-Kiswahili hawana mafundi mitambo wa kuwalaumu. Neno "sauti" limebebeshwa mzigo mzito. Ni sauti ya binadamu, ni mlio wa chochote, ni fonimu darasani, tena ni ule ukubwa unaopunguzwa kwa kitufe cha redio. Mtu akisema "aliimba kwa sauti ya juu", msikilizaji hajui kama mwimbaji alipiga kelele au aliimba sauti nyembamba. Wanaisimu waliona tatizo hilo mapema wakalipa jambo la pili neno lake, kidatu; jambo la kwanza halijapata istilahi moja iliyokubalika kotekote. Katika makala haya, "ukubwa wa sauti" ni kile ambacho sikio linahisi, na "kiwango" ni kile ambacho chombo kinapima. Tofauti hiyo si ya kujitakia makuu, kama itakavyoonekana. Kuna mifano mingine ya aina hiyo hiyo. "Kipaza sauti" huitwa kile chombo kinachopokea sauti ya msemaji na pia kile kinachoirusha kwa umati. "Kubana faili" ni kupunguza nafasi inayokaliwa na faili, lakini pia ni kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Haya ni matendo mawili yasiyohusiana, na mwanafunzi anayesema "nimeibana" huenda hajui ni lipi kati ya hayo mawili alilolitenda.

Desibeli, kipimo kinachokumbusha jina la Alexander Graham Bell, si kama kilo wala mita. Ni uwiano, hueleza kitu kimoja kimekizidi kingine kwa kadiri gani. Wimbi likirudufika kimo, kiwango chake kimepanda kwa desibeli 6. Sikio, kwa upande wake, huhitaji takriban desibeli 10 ili lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu. Ndiyo sababu jicho linalotazama wimbi kwenye skrini hudanganyika upesi. Katika kompyuta kuna dari, nayo ni sifuri. Hakuna kinachoweza kurekodiwa juu yake, kwa hiyo viwango vyote huandikwa kwa alama ya kutoa: −6 ni nusu ya kimo cha dari, −12 ni robo yake, na kuendelea. Hapa mwanafunzi wa fasihi hupenda kusinzia. Asisinzie, hesabu yote inayomhusu haizidi hiyo.

Programu inayopatikana bila malipo katika maabara nyingi za kompyuta ni Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Wengi huitumia kukata na kuunganisha tu. Wachache hutambua kwamba wimbi lake huchorwa kwa rangi mbili za samawati: ile iliyokoza huonyesha vilele, yaani ncha za juu kabisa zilizofikiwa katika kila sehemu, na ile iliyopauka huonyesha wastani wa nguvu za wimbi. Tofauti kati ya rangi hizo mbili ni somo tosha. Kofi moja, au mchi unaogonga kinu, huweza kuwa na kilele kirefu ajabu na bado lisisikike kubwa, kwa sababu hupita upesi kabla sikio halijalipima. Kiitikio cha wanawake kumi chenye vilele vifupi zaidi huujaza ua mzima. Anayeandika kilele pekee ameandika jambo la kweli lisilomfaa.

Wala wastani peke yake hautoshi, maana sikio halizitendei haki sauti zote sawasawa. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti nzito husikika ndogo kuliko zile za kati zilizo na nguvu ile ile, hasa zinapokuwa hafifu. Kwa misingi ya aina hiyo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilitoa mwaka 2006 pendekezo lake BS.1770 la kupima ukubwa wa sauti kwa namna inayolikaribia sikio, na mwaka 2010 Muungano wa Watangazaji wa Ulaya ukaweka lengo la −23 kwa kipimo kiitwacho LUFS. Kilichowasukuma hakikuwa fasihi. Watazamaji wa televisheni walikuwa wamechoka kushtuliwa na matangazo ya biashara yanayonguruma kuliko vipindi, hata Marekani ikapitisha sheria dhidi ya jambo hilo mwaka huo huo wa 2010. Abiria yeyote wa matatu kati ya Nakuru na Njoro anaielewa adha hiyo bila ya kufasiriwa. Hata hivyo, watangazaji waliacha zana ambayo mwanafasihi anaweza kuiazima. Kipimo hicho hutolewa kwa vipande vya sehemu nne za kumi za sekunde, kwa vipande vya sekunde tatu, na kwa rekodi nzima. Hicho cha pili ndicho chenye hazina. Ngano ikipimwa kila sekunde tatu, msomaji hupata mstari unaopanda na kushuka, na juu ya mstari huo anaweza kuyapanga matukio ya msuko akaona fanani aliweka wapi uzito wake.

Zingatia vigelegele. Miongoni mwa Wagikuyu, mtoto alipozaliwa wanawake walipiga ngemi tano kwa mvulana na tatu kwa msichana. Mtafiti aliyerekodi sherehe yenye ngemi atahesabu, ataandika "tano", naye atadhani amemaliza. Lakini ngemi haikuwa hesabu tu. Ilipigwa ili jirani wa ng'ambo ya bonde asikie na kuhesabu akiwa kwake. Umbali wa kusikika ulikuwa sehemu ya maana yake, na umbali huo ulitokana na ukubwa wa sauti pamoja na wembamba wake. Katika rekodi iliyobanwa, ngemi hukaa sambamba na mazungumzo ya wageni wanaopokezana vikombe vya chai. Hesabu imesalia tano, ila tangazo limekuwa porojo. Mwanafunzi atakayeisikiliza rekodi hiyo miaka 30 ijayo, asiyewahi kuhudhuria sherehe kama ile, atapata wapi dalili kwamba sauti zile zilipasua anga?

Yafaa kutenganisha matendo matatu ambayo kwa kawaida hurundikwa pamoja katika neno "kurekebisha". Tuchukulie ngano ya kudhaniwa. Simulizi lina wastani wa −32, kiitikio −20, vigelegele −12, na kimya cha fanani, ambacho ni upepo tu, −60. Kati ya simulizi na vigelegele kuna desibeli 20, ambazo sikio huzihisi kama mara nne. Tendo la kwanza ni kusawazisha kiwango, yaani kuongeza kila kitu kwa kiasi kimoja. Tukiongeza 3, tunapata −29, −17, −9 na −57. Uwiano haukuguswa, mradi kiasi kilichoongezwa kiandikwe, tendo hilo laweza kutenduliwa. Hatari yake ni moja: kila faili ikisawazishwa peke yake, wimbo wa kubembeleza mtoto na wimbo wa vita vitakuwa na kilele kimoja, na uhusiano wa tanzu hizo mbili katika jioni ile ile utakuwa umefutika.

Tendo la pili ni kubana. Tukibana kwa uwiano wa nne kwa moja kuanzia −32, kila desibeli nne zilizo juu ya hapo huwa moja. Simulizi hubaki −32, kiitikio huwa −29, na vigelegele −27. Desibeli 20 zimekuwa 5. Kwa kuwa yote sasa yamekuwa hafifu, programu huyainua kwa 15: −17, −14, −12. Rekodi inasikika "safi", mwenyewe anafurahi. Lakini kimya nacho kimeinuliwa kutoka −60 hadi −45, na pale fanani alipotua makusudi, akiwaacha watoto washike pumzi, sasa kuna upepo unaovuma na mbwa anayebweka. Mbinu ya kimya, ambayo kila kitabu cha fasihi simulizi huisifu, imejazwa takataka. Tendo hili halitenduliki kwa uaminifu, maana programu haihifadhi kumbukumbu ya ilichokitoa.

Tendo la tatu ni kukatwa kwa vilele, na hili kwa kawaida halikusudiwi. Kiwango cha kurekodia huwekwa fanani akiwa anazungumza polepole. Hadhira ikilipuka, wimbi hugonga dari na kichwa chake hukatwa kama kwa msumeno. Utepe wa sumaku wa zamani ulikuwa na huruma kidogo, ukilemewa taratibu. Rekodi ya dijitali haina huruma. Kilichokatwa hakimo, na kukishusha baadaye ni kushusha kisiki. Simu za mkononi na vinasa sauti vidogo vimekuja na "dawa" ambayo pengine ni mbaya kuliko ugonjwa, yaani kujirekebisha vyenyewe. Hadhira inapopaza, chombo hujishusha. Fanani anaponong'ona, chombo hujipandisha. Mtafiti hudhani ana data ghafi, kumbe imekwisha kubanwa kabla hajagusa kompyuta. Vyombo vingi vina kitufe cha kuzima tabia hiyo. Kikizimwa, na vilele vya juu kabisa vikaachwa karibu na −12 wakati wa kujaribu, hadhira hupata nafasi ya kulipuka bila ya kugonga dari. Anayeogopa kwamba rekodi itakuwa ndogo mno akumbuke kwamba hata rekodi ya biti 16 ina upana wa takriban desibeli 96, na ile ya biti 24 ina upana kuliko ua wowote wa Bonde la Ufa utakavyohitaji.

Ukivuka Mau kuelekea magharibi, kuna rekodi mashuhuri inayoonyesha tatizo hili kwa namna ya pekee. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha" kwa kuambatana na zeze. Jina hilo lilikuwa matamshi ya wenyeji ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi huko. Rekodi hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010 nakala zilirejeshwa Kapkatet kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi. Tracey hakuwa mtu wa ovyo. Alitembea na uma za chuma zenye milio ya vidatu vinavyojulikana, akapima kwa hizo nyuzi na vibao vya ala alizozikuta, na akaandika matokeo. Kidatu, basi, kilipata kipimo chake. Ukubwa wa sauti uliachwa mkononi mwake, na hii si tamathali, kwani alizoea kuishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza karibu na alichotaka kisikike.

Mtu anaweza leo kuiingiza "Chemirocha" katika programu na kupima sauti za wasichana zimelizidi zeze kwa desibeli ngapi. Atapata tarakimu. Asichoweza kusema ni kama tarakimu hiyo ni ya wasichana wa Kapkatet au ya mkono wa Tracey. Rekodi ni nzuri, pengine ni miongoni mwa nzuri kabisa zilizopata kufanywa Kenya, na hakuna anayepaswa kumdai mtu wa mwaka 1950 kile ambacho wakati wake haukukidai. Mtafiti wa leo hana udhuru huo. Umbali mmoja ulioandikwa ("maikrofoni ilisimama hatua mbili kutoka kwa mpiga zeze, haikusogezwa") ungetosha kugeuza tarakimu tupu kuwa ushahidi.

Umbali huo ni nusu ya kazi yote. Mahali pa wazi, kila umbali unaporudufika kiwango hupungua kwa takriban desibeli 6. Msimulizi aliyesogea kutoka sentimita 30 hadi sentimita 120 mbele ya maikrofoni amepoteza desibeli 12 bila ya kupunguza sauti yake hata chembe, na mtafiti asiyejua ataandika kwamba "alinong'ona". Kwa hiyo tarakimu isiyo na umbali ni kama methali isiyo na muktadha. Tena desibeli za kompyuta na desibeli za hewani si ngazi moja. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili na dakika moja. Hizo ni desibeli za hewani, zinazopanda kutoka sifuri iliyo karibu na mwisho wa uwezo wa sikio. Za kompyuta hushuka kutoka darini. Daraja kati ya ngazi hizo hujengwa mara moja tu kwa kila kikao: mtu hutoa mlio usiobadilika, chombo cha kupima kelele kinashikwa kando ya maikrofoni, na vipimo vyote viwili vinaandikwa. Ikiwa cha hewani kilisoma 70 na cha kompyuta −30, basi katika kikao hicho, kiwango cha kurekodia kisipoguswa, −30 ni 70, na −50 ni 50. (Ni kichekesho kidogo kwamba ngano nyingi, ambazo kwa jadi husimuliwa usiku, huangukia katika saa ambazo sheria inataka desibeli 35. Kiitikio kimoja cha watoto kingelifikisha zizi zima mahakamani.)

Mbali na hayo, mtafiti apime pia kelele ya mahali. Audacity ina zana ya ulinganuzi, inayopima tofauti kati ya sehemu yenye usemi na sehemu isiyo na usemi. Miongozo ya kimataifa ya maudhui ya mtandao huzitaka desibeli 20 za tofauti ili usemi usikike bila taabu. Nyumba ya mabati wakati wa mvua ya masika huko Molo haitafikia hapo hata kidogo. Basi na iandikwe hivyo. Mvua iliyomlazimisha fanani kupaza sauti ni sehemu ya mahali na wakati, na msomaji anayejua kwamba ilinyesha hatadhani kwamba fanani alikuwa na hasira.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau wanafasihi wenyewe hawakuwa wamekwisha kuionyesha njia. Dennis Tedlock, katika kitabu chake cha mwaka 1972 cha masimulizi ya Wazuni wa New Mexico, alichapa maneno yaliyopazwa kwa herufi kubwa na yaliyosemwa kwa upole kwa herufi ndogo, akakata mishororo pale fanani alipotua. Alitegemea sikio na kinasa sauti. Nchini Kenya, ambako fasihi simulizi ilipiganiwa hadi ikaingia katika mitalaa baada ya mjadala wa Chuo Kikuu cha Nairobi wa mwaka 1968 na mkutano wa walimu wa mwaka 1974, matini zilizochapwa kwa mtindo huo ni adimu. Chesaina alipotoa kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Wakalenjin mwaka 1991, kuweka mstari wa viwango kando ya matini kungalihitaji mitambo ghali. Leo unahitaji kompyuta ile ile iliyotumiwa kupiga chapa tasnifu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la upande mwingine: kwamba tarakimu haziwezi kueleza hisia. Ni kweli. Ajuza wa miaka 80 akipaza sauti kwa nguvu zake zote huenda asifikie kiwango cha kijana anayezungumza kivivu, na mtu anayelinganisha desibeli zao atapata upuuzi. Fanani hulinganishwa na nafsi yake: simulizi lake la kawaida huwa msingi, na kila kupanda au kushuka huhesabiwa kutoka hapo. Hata hivyo, kuna minong'ono inayotisha kuliko ukelele, na kuna kukwaruza kwa koo ambako hakuna kipimo cha ukubwa wa sauti kitakachokukamata. Vipimo havimwondoi mhakiki. Humzuia tu kusema kwamba fanani alipaza sauti mahali ambapo hakupaza, jambo ambalo mtu aliyesikiliza nakala iliyobanwa yuko katika hatari ya kulisema kila siku.

Na wanaolalamika kwamba nakala isiyobanwa haisikiki katika spika duni za darasani, wana haki ya kusikia. Watengeneze nakala mbili: moja ya kusikilizia, ibanwe wapendavyo, na moja ya kuhifadhi, isiguswe. Kinachopingwa hapa ni kuifuta ya pili.

Nessuit na Mariashoni, mwendo mfupi kutoka Njoro, bado kuna wazee wa Kiogiek wanaosimulia kwa lugha yao, watu ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitambua mwaka 2017 kwamba haki zao katika msitu wa Mau zilikiukwa. Wasemaji wa lugha hiyo si wengi, na mzee aliyesimulia mwaka huu hana ahadi ya kusimulia mwakani. Kamati za uzamili zinazoidhinisha mapendekezo ya utafiti huuliza kuhusu sampuli, vibali na nadharia. Zingeweza kuongeza maswali matatu: kiwango cha kurekodia kitawekwaje, umbali wa maikrofoni utaandikwa wapi, na faili isiyoguswa itakabidhiwa nani? Saa moja ya rekodi ya njia moja, yenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, kiwango ambacho wahifadhi wa sauti wa kimataifa hukitaja kuwa cha chini kabisa kinachofaa, hukalia takriban megabaiti 518. Diski ya terabaiti moja, inayoingia katika mfuko wa shati, hubeba zaidi ya saa 1,900 za aina hiyo.